Mbao Zilizolala Kivulini

Wahenga waliosema "Usiache mbachao kwa msala upitao" hawakuwa na ugomvi na msala. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Mbacha ni mkeka mkuukuu, ukindu umechomoza na kingo zimeliwa. Walichokitilia shaka ni lile neno la mwisho. Kinachopita, hata kikimeremeta namna gani, hakijaahidi kukaa. Hayo yaliufika mji mmoja mdogo, mji wa maseremala.

Mji huo ulijikunja katikati ya vilima viwili, na asubuhi ukungu wake ulinukia mbao. Vitanda na viti vyake vilisifika mbali kwa sababu havikupasuka. Siri yenyewe wala haikuwa siri. Katikati ya mji palikuwa na uwanja wenye paa refu lisilo na kuta, ukiitwa Kivulini. Hapo mbao zilipangwa moja juu ya nyingine, vijiti vikizitenganisha, upepo ukapita katikati yake taratibu. Maseremala walisema mbao zinalala. Ubao uliingia umejaa maji ya msitu, ukalala hadi ukaisahau mvua, ndipo msumeno ukauamsha. Wapita njia walishusha sauti bila kuambiwa na mtu.

Meya wa mji alikuwa mwanamke mchapakazi aliyepewa jina la Mama Taa, kwani hakuna hotuba yake iliyokwisha bila kutaja taa. Mumewe alikuwa mkuu wa maseremala. Binti yao wa pekee alikuwa akijifunza useremala kwa babake, na mbao za kitanda chake cha kwanza, kile ambacho kingemfanya aitwe fundi, zilikuwa zimelala Kivulini. Vijana wengi walikuwa wameuhama mji. Mama Taa aliogopa kumpoteza binti huyo kuliko alivyoogopa kushindwa uchaguzi.

Siku moja baraza liliketi kupanga vipaumbele vya uchumi wa mji. Mambo yalikuwa mawili: kuziba paa la Kivulini lililoanza kuvuja, au kumpa uwanja huo mwekezaji aliyetaka kujenga kiwanda cha vioo, bure, pamoja na msamaha wa kodi wa miaka mingi.

Mwekezaji, mwanamume mpole wa viatu vyeupe, alisimama.

"Mheshimiwa Meya, mimi nauona mji huu uking'aa. Ninachoomba ni kiwanja kile tu kilichokaa bure."

"Hakijakaa bure, kina mbao," diwani mmoja akasema.

"Zinafanya nini?"

"Zimelala."

Ukumbi uliangua kicheko. Diwani mwenyewe akacheka, maana jibu lake lilikuwa kama la mtu aliyekurupuka usingizini.

Mama Taa hakucheka. Alikuwa akitazama nje ya dirisha, na pale juu ya mapaa ya mabati aliona ukuta wa kioo ukipanda, mwepesi kama pumzi. Ndani yake binti yake, amevaa koti jeupe, alikuwa akimpungia. Mama Taa akainua mkono. Hata yeye hakujua kama alikuwa anapiga kura au anamjibu mwanawe.

Jioni mumewe alimpokea kwa utani wake wa kila siku. "Karibu, Mheshimiwa. Viatu mlangoni, humu hatuna itifaki."

Mama Taa alimweleza yote. "Mbao mtazihamishia uwanja wa mpira," alimaliza. "Kule kuna jua zuri."

Mumewe alijua kwamba jua kali huubabua ubao nje na kuuacha mbichi ndani. Lakini mwekezaji alikuwa amekwisha kumnong'oneza kwamba meza zote za kiwanda zitatoka kwake, na zitatakiwa upesi. "Jua nalo hukausha," alisema, macho ameyashusha.

"Baba, si wewe uliyenifundisha kwamba ubao hauharakishwi?" binti aliuliza.

"Nyakati zinabadilika, mwanangu. Kwani hutaki kazi ya kiwandani?"

"Nataka kuwa fundi. Kioo nitakitazama nikichana nywele."

Wazazi walicheka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kivulini kukavunjwa. Mahali pake pakasimamishwa bango kubwa la mbao lililochorwa jengo la kioo, lenye madirisha mengi ya rangi ya samawati. Kila jioni watu walikuja kulitazama, kimya, wakawa kama wanaolisikiliza. Mshona viatu alijichagulia dirisha la ghorofa ya juu, kinyozi akaligombea, ikabidi wasuluhishwe. Siku hizo mji uliota macho wazi, na kusema kweli, uliota vizuri.

Uwanjani, mbao zilianza kulia. Jua lilipokuwa utosini, mji mzima ulisikia mlio mkavu, tap, kisha mwingine mbali kidogo. Zilikuwa nyufa. Viti vilivyouzwa vilipasuka chini ya wenye navyo, wateja wakahamia kwingine, karakana zikafungwa moja baada ya nyingine. Meza za kiwanda hazikuagizwa na mtu. Binti alizikuta mbao za kitanda chake zimechanika toka ncha hadi ncha. Alipitisha kidole ufani, akalia.

"Nilijua," babake alisema. "Nilijua, nikanyamaza. Tamaa ilinifunga mdomo."

Mama Taa alikwenda ofisini kwa mwekezaji, akamkuta anafunga masanduku.

"Mji wa jirani wametupa kiwanja kikubwa zaidi, Mheshimiwa, na msamaha mrefu zaidi."

"Na sisi? Tumebomoa Kivulini kwa ajili yako!"

"Mlibomoa wenyewe," alijibu kwa upole uleule. "Mimi niliomba tu."

Mama Taa aligeuka, akarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata alimkimbilia binti yake stendi. Msichana alikuwa amekumbatia msumeno uliofungwa kwa kanga kuukuu.

"Usiende, mwanangu. Yote yale niliyafanya ili ubaki."

"Mimi nilikuwa nimebaki, mama," binti alisema taratibu. "Zipangeni mbao nyingine. Zikiamka, niite."

Basi likaondoka, likamezwa na ukungu.

Baraza lilipoketi tena, kipaumbele cha kwanza kilikuwa kulisimamisha upya paa la Kivulini, na msamaha wa ushuru wakapewa maseremala. Mama Taa na mumewe waliling'oa bango kwa mikono yao. Mume aliligonga kwa kifundo cha kidole, likatoa mlio safi. Lilikuwa limetengenezwa kwa mbao za mwisho zilizolala vyema. Wakaligeuza kuwa kitako cha rundo jipya, na juu ya yale madirisha ya samawati wakapanga mbao mbichi za kitanda.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, Mama Taa hupita Kivulini, akaweka kiganja juu ya ubao, kama mzazi anayempapasa mtoto paji la uso. Bado una maji. Huondoka kwa kunyata. Na akitokea mgeni mwingine wa viatu vyeupe akauliza kiwanja kile kimekalia nini, humjibu bila hotuba na bila kutaja taa: usiache mbachao kwa msala upitao.