Daftari la Mashimo

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na serikali yao, na serikali ikaingia mtandaoni. Kila mama akaandikisha shimo alikoficha watoto, ili mganga wa chanjo awafikie. Sungura akaandikisha. Digidigi akaandikisha. Na Kanga, karani wa daftari, naye akaandikisha kiota chake chenye mayai tisa.

Sasa fikirini wenyewe. Daftari hilo liangukie mikononi mwa Fisi!

Kakakuona, mkuu wa usalama wa mtandao, aliliwaza hilo mpaka chakula hakipiti. Akajenga milango mitatu, kila mlango na nywila yake na kioo cha kutambua wayo wa anayeingia. Akasema, "Anayetaka kuingia aulizwe. Hata Tembo. Hata mimi."

Wanyama wakanuna. "Huyu anamshuku hata mamake! Kumuuliza mkubwa, adabu gani hiyo?" Maana kwao mkubwa haulizwi. Akisema leta, unaleta, tena kwa mikono miwili.

Siku moja Kanga yuko peke yake kazini, simu ikalia. Ngrii! Ngrii!

"Kanga! Mimi Tembo, Mkubwa wako. Niko safarini. Taja nywila, upesi!"

Sauti nzito, ya Tembo kabisa.

"Shikamoo, Mkubwa," akasema Kanga. Akaitaja.

Kach! Mlango wa kwanza ukafunguka. Ndani mna majina ya akina mama, basi.

Ngrii! "Ya pili!"

Akaitaja. Kach! Ndani mna idadi ya watoto. Mashimo hayamo.

Mimi hapo nimeshashuku, sijui nyie.

Ngrii! "Ya tatu! Ukichelewa, kazi huna!"

Kanga akafungua mdomo. Akaufunga. Nyuma ya mlango ule yumo mtoto wa Digidigi aliyezaliwa jana. Yamo mayai yake tisa. Ah, Mkubwa anataka mashimo ya nini? Aliogopa, jamani, aliogopa sana.

"Samahani, Mkubwa. Njoo mwenyewe uweke wayo wako kwenye kioo."

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza, Mkubwa."

Mara, "Hi-hi-hiii!" Kumbe Fisi! Simu ikakatika.

Kanga akalia. Akamweleza Kakakuona yote, hata zile nywila mbili alizotoa. Kakakuona akazibadilisha zote palepale.

Kesho yake Tembo akarudi. Kanga akasimama mlangoni. "Shikamoo, Mkubwa. Wewe ni nani?"

Wanyama wakashika vinywa. Lo!

Tembo akamtazama. Akamtazama tena. Akainua mguu wake, taratibu, akauweka kwenye kioo.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Basi nawaambia, wakubwa na wadogo: mwenye haki ya kuingia hakasiriki akiulizwa. Anayekuharakisha huku anakutisha, huyo mshuku, hata akiita kwa sauti ya baba yako.

Hadithi yangu mimi imeishia hapo. Anayetaka nyingine, atoe yake.