Kamusi ya Lugano

“Tunda bivu halipikwi.” Mmesikia Mwalimu Anyitike akimwambia mwenzenu, mkaniuliza neno hili lilitoka wapi. Lilizaliwa hapa hapa shuleni kwetu Tukuyu, na nilikuwepo.

Wakati huo nilifundisha watoto viziwi. Miongoni mwao alikuwa Lugano, mtoto wa miaka sita. Nyumbani aliishi na mama yake na bibi yake. Mama alikuwa akija shuleni kujifunza lugha ya ishara, lakini bibi alikuwa mgonjwa kitandani. Alimpenda sana mjukuu wake, ila hakuwa na namna ya kuzungumza naye.

Kijana mmoja, Ambakisye, alikuwa ametutengenezea kamusi ya ishara kwenye kompyuta. Kila neno lilikuwa na kadi yake yenye video. Shida ni kwamba kila alipoongeza neno, alilazimika kuipitisha kazi yote kwenye programu nyingine ziitayarishe, ndipo kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kiisome. Hatua hiyo aliiita kupika. Kompyuta yake ilipoharibika, ile mpya ilikataa kupika. Programu za zamani hazikupatikana tena, na mpya hazikuelewana.

Mama Lugano alimkuta akihangaika nazo.

“Mwanangu, nimekuja kuomba maneno machache ya kumfundisha bibi. Hali yake si nzuri.”

“Nisamehe, mama. Siwezi kuongeza hata moja mpaka hizi programu zikubali kukipikia kivinjari.”

“Hicho kivinjari chenyewe hakielewi kitu bila kupikiwa?”

Ambakisye alifikiri kidogo. “Kinaelewa mengi. Siku hizi hata lebo, yaani alama ya kutambulisha kitu, niliyoibuni mwenyewe kinaielewa, nikishakieleza mara moja ina maana gani.”

“Sasa unapika nini, baba? Tunda bivu halipikwi.”

Hakulisema kwa kejeli. Alilisema taratibu, kama anayemwondolea mtoto mzigo kichwani. Ambakisye akazifunga zile programu zote.

Akaanza upya. Aliandika faili moja la kukieleza kivinjari namna ya kuchora kadi ya ishara. Baada ya hapo kila neno likawa mstari mmoja tu: lebo yake, neno lenyewe, na jina la video. Ukihifadhi na kufungua ukurasa, kadi iko mbele yako. Mimi nilirekodi video kwa simu, na Mama Lugano akaandika mistari kwa mkono wake: maji, maumivu, njoo, kaa nami. Kadi ya kwanza ilipotokea, aliigusa kwa kidole, akafuta macho.

Tulimwazima kompyuta ndogo, akaenda nayo nyumbani. Kamusi ilifunguka bila mtandao. Kila siku bibi aliitazama, akijifunza kwa mikono inayotetemeka.

Jioni moja nilikwenda kumjulia hali. Lugano alikuwa amesimama mlangoni. Bibi aliinua mikono, akamwambia kwa ishara: njoo, kaa nami. Mtoto alimtazama kwanza, kama asiyeamini. Kisha akapanda kitandani, akaanza kumsimulia mambo yake yote kwa mikono, haraka haraka, na bibi akiitikia kwa kichwa hata pale ambapo hakuelewa.

Bibi alifariki kabla ya mavuno. Lakini walikuwa wamezungumza.

Basi mkimwona mtu anahangaika kutayarisha kilicho tayari, na kuna anayemsubiri, mwambieni kwa upole: tunda bivu halipikwi.