Mtarakwa wa Mama Kasiva

Waliosema papo kwa papo kamba hukata jiwe walijua kuwa kamba haina ubavu wa kulishinda jiwe kwa siku moja. Hulishinda kwa kurudi palepale. Mutunga wa Mwingi aliikariri methali hiyo shuleni, lakini maana yake aliipata ukubwani, kwa mtarakwa wa mamake.

Ulikuwa bonsai, mti mzee uliofanywa mbilikimo katika chungu kipana, kimo chake hakizidi goti. Mama Kasiva aliulea tangu Mutunga akiwa chekechea. Kisha kiharusi kikampoozesha mkono wa kulia, akaenda kuuguzwa kwa dada yake huko Makueni. Mutunga aliyeachiwa boma aliusahau mti nyuma ya tangi la maji. Alipoukumbuka, ulikuwa umefumka nje kama nywele za mwendawazimu, ndani vijiti vitupu.

Asubuhi ya siku ambayo mama alitarajiwa kurudi, Mutunga alishika mkasi ili amfurahishe. Akakata huku na huku kama anayenyoa kondoo. Kisha akalikamata tawi kubwa la kulia, akalikandamiza lilale kwa nguvu. Likalia ko! Likavunjika.

Mama aliposhuka garini, aliutazama mti. Mutunga alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwaitu, mama yangu, nisamehe. Nitakununulia mwingine."

"Nani anauza miaka yangu?" mama akauliza, ulimi ungali mzito. Kisha akaketi. "Lete waya wa shaba. Mikono itakuwa yako, macho yangu."

Wakaanza upya. Mutunga aliondoa vijiti vilivyokauka, akaacha kijani kwenye ncha ya kila tawi, maana tawi la mtarakwa likinyimwa kijani chote halichipui tena. Kigutu cha lile lililovunjika alikimenya gome, kikabaki cheupe kama mfupa. Tawi la kushoto alilizungushia waya, akaanza kuliinamisha.

"Basi, hapo hapo," mama akamwambia. "Liache lizoee. Tutalirudia mwezi ujao."

"Lakini mama, hivyo tutamaliza lini?"

"Kwani mimi nilipojifunza kushika kijiko kwa kushoto, nilianza na sufuria?"

Mutunga akaliachia tawi. Kila mwezi aliliinamisha tawi kidogo, huku mama kando yake akiminyaminya mpira wa sponji kwa mkono uliopooza. Siku nyingine vidole havikumtii hata kimoja. Aliuokota mpira, akaanza tena.

Mvua zilikuja zikaenda. Waya ulipofunguliwa, tawi halikurudi juu. Lilitulia likitazama chini, na machipukizi mabichi yakajaza mahali palipokuwa uchi.

Jumapili moja baada ya ibada, mama alinyoosha mkono wa kulia. "Nipe mkasi."

Mutunga alimpa. Vidole vilitetemeka, vikajikunja, vikabana. Kijitawi kimoja kikaanguka kwenye udongo wa chungu. Mama akacheka kwa sauti, naye Mutunga akageuka upande kufuta machozi.

Kweli, papo kwa papo kamba hukata jiwe.