Chungu Kilicholala Njaa

Sogeeni, hadithi imeiva, naipakua! Bi Mwanamize alipuliza moto wa kuni tangu ujana hadi akachoka. Zimwi likamletea chungu kinachopika chenyewe.

Chungu kikamwambia, "Ukila kwangu, nami nitakula kwako."

Siku ya kwanza akaomba maandazi ya sukari tele. Kikala wepesi wa miguu yake. Siku ya pili akaomba halua inayochuruzika samli. Kikala nuru ya macho yake. Siku ya tatu akajikokota hadi jikoni.

"Leo nikupikie nini, bibi?"

"Mchicha, na ugali wa mtama."

Chungu kikanuna. "Hivyo vitakushibisha wewe tu; mimi hula penye utamu. Leo nile nini?"

"Sijui, mwenzangu. Nimechoka kuliwa."

Akapapasa kuni, akainama, akapuliza moto ajipikie mwenyewe.