Filamu Tatu za Maisha ya Siwema

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, enzi ambazo filamu ziliuzwa kwenye diski na jina likiandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito, mjini Morogoro alikuwepo mwimbaji aliyeitwa Siwema Kobelo. Sogeeni, maana hadithi hii mtaimalizia ninyi.

Siwema aliimba na bendi ya Mindu Jazi. Wimbo wake uliojulikana kuliko zote uliitwa "Mwavuli wa Jirani". Watu waliuimba harusini, wakauimba kwenye foleni ya maji. Mvua ikianza ghafla, mtu aliyejibanza baraza hii alianza ubeti, na aliyejibanza baraza ya pili akaitikia. Kisha Siwema akaugua koo. Daktari akampasua, akapona, lakini sauti haikurudi. Iliyobaki ilimtosha kuomba chumvi mezani.

Alibaki na kitu kimoja ambacho hakuna aliyewahi kukisikia: kanda ya wimbo aliourekodi siku chache kabla ya kupasuliwa. Akatangaza redioni, kwa mdomo wa mtangazaji: "Kanda hii nitampa mtu atakayenionyesha maisha yangu kwenye filamu, nikajiona mwenyewe. Mtu mmoja tu."

Watu watatu wakajitokeza, ingawa wa tatu hakujua kwamba amejitokeza.

Wa kwanza alikuwa Evarist Lugendo, mtengeneza filamu kutoka Dar es Salaam. Alikuja na kamera, taa, jenereta na mwigizaji mwenye shingo ndefu. Alijua kazi yake. Jukwaa la Mindu Jazi alilijenga upya, magitaa yakasikika kama yapo chumbani mwako. Katika filamu yake, Siwema alizaliwa na mama kipofu, akapendwa na rubani, na rubani akafa.

Siwema aliitazama yote, kisha akamwita Lugendo pembeni.

"Mwanangu, mama yangu alikuwa anaona. Tena aliona mpaka mambo ya majirani."

"Mama, kipofu anawaliza watu."

"Na huyu rubani umemtoa wapi?"

"Filamu bila mapenzi haitazamwi, mama."

"Haya, tumependana. Mbona amekufa?"

"Mwigizaji alikuwa na safari."

Siwema hakujiona. Lakini baada ya filamu ile, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Mindu Jazi ilipovunjika walianza kuimba "Mwavuli wa Jirani". Wasichana wakaenda saluni kuomba nywele za Siwema. Siku moja alikuwa ananunua nyanya, watoto wa shule wakapita wakiimba wimbo wake wote, mpaka ubeti wa tatu ambao yeye mwenyewe alizoea kuusahau jukwaani. Alisimama na nyanya mkononi mpaka wakakata kona.

Wa pili alikuwa Nakiete Mbwambo, mtafiti wa historia ya muziki. Huyu hakuja na mwigizaji. Alikuja na kamera moja na maswali. Aliwahoji wapiga vyombo, fundi aliyeshona magauni, dereva wa basi la bendi na mke wa dereva. Jambo lililosemwa na mtu mmoja hakuliweka. Alisubiri mtu wa pili aliseme.

Filamu yake ilikuwa ndefu kama shughuli ya harusi. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza, mgeni rasmi alikoroma, na jirani yake akaona haya kumwamsha kwa sababu yeye mwenyewe ndiyo kwanza ameamka. Lakini ndani ya filamu hiyo alikuwepo mzee Beno Mlugu, mpiga besi wa Mindu Jazi. Alitazama kamera, akasema kwa utulivu: "'Mwavuli wa Jirani' niliutunga mimi." Na dereva akasema hivyohivyo. Na fundi wa magauni akasema hivyohivyo.

Miaka yote Siwema alikuwa amesema kwamba wimbo ni wake. Aliondoka ukumbini bila kuaga. Simu za Nakiete hakuzipokea. Kisha alasiri moja akapanda bodaboda mpaka Kihonda, nyumbani kwa Beno, mtu ambaye hakuwa amesema naye tangu bendi ivunjike.

"Hodi, Beno."

"Karibu, mwizi."

"Ahsante, mtunzi."

Walitazamana. Beno ndiye aliyeanza kucheka. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa walikunywa kahawa pamoja na kuwasema wapiga tarumbeta wote waliowahi kuwafahamu.

Wa tatu alikuwa Chande, ambaye mtaa mzima ulimwita Chande Spika. Alikuwa na banda la video pale Msamvu. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Mnaijua kazi hiyo: filamu ya Kihindi au ya Kichina inapita kwenye televisheni, na mtu anakaa pembeni na maikrofoni akieleza kwa Kiswahili nani kasema nini. Chande hakujua Kihindi. Hakujua Kichina. Kiingereza alikijua cha salamu. Hilo halikumzuia.

Jumapili moja mchana alitangaza kwamba ataonyesha filamu ya Lugendo. Banda likajaa. Siwema naye akaja, amejitanda khanga mpaka machoni, akakaa benchi la nyuma. Alitaka kusikia watu wanamsemaje wakiwa hawajui kwamba yupo.

Chande akaweka diski. Juu yake paliandikwa SIWEMA. Ndani yake alikuwemo mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za manjano, ameshika gitaa, amesimama kwenye theluji pamoja na farasi. Aliyenakili diski zile alikuwa amezichanganya.

Watu wakageuka kumtazama Chande. Kisha mtu akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Chande, leo utatueleza!"

Chande alitazama televisheni. Akatazama mlango, ukawa mbali. Akashika maikrofoni.

"Watazamaji wapenzi, tulieni. Huyo mnayemwona ndiye Siwema. Msishangae nywele, aliziosha kwa magadi."

"Na hiyo theluji?"

"Theluji iko wapi? Hiyo ni pamba. Mwaka ule wanunuzi walichelewa, wakulima wakaimwaga barabarani."

"Na farasi?"

"Huyo ndiye Beno, mpiga besi. Wenzetu wakimpenda mtu humwonyesha hivyo."

Watu wakacheka, na wakicheka watu hawaondoki. Chande akaendelea. Mzungu mwenye masharubu akawa meneja wa Mindu Jazi. Treni iliyosimama kituoni ikawa basi la bendi, ambalo siku hiyo, alisema, lilikuwa limeharibika. Mwanamke wa Kizungu alipopanda jukwaani na kufungua mdomo, Chande alizima sauti ya televisheni na kuimba "Mwavuli wa Jirani" yeye mwenyewe, kwa sauti mbaya. Banda zima likamwitikia kumwokoa. Wimbo ulipokwisha kule, huku ulikuwa bado unaendelea, na hakuna aliyejali.

"Siwema huyu," Chande akasema, "alizaliwa Mahenge, kwenye nyumba ya bati..."

Mama mmoja kwenye benchi la nyuma alisikia jirani yake ananong'ona kitu kwa sauti iliyokwaruza. Akainama, akasikiliza, akapaza sauti.

"Chande! Huyu mama anasema siyo Mahenge, ni Matombo!"

"Mwulize amejuaje!"

Akainama tena. "Anasema alikuwepo!"

"Alikuwepo Siwema anazaliwa? Alikuwa mkunga?"

Yule mama akainama mara ya tatu. Alipoinuka, aliinuka polepole.

"Anasema yeye ndiye mtoto."

Hakuna aliyekaa tena kwenye benchi. Siwema akafunua khanga, watu wakapiga vigelegele, wengine wakapanda juu ya mabenchi wamwone. Chande akataka kukimbia, lakini njia ilikuwa moja na Siwema alikuwa amesimama mlangoni penyewe.

"Nisamehe, mama," akasema kwenye maikrofoni, kwa kuwa alisahau kuiweka chini.

Siwema akamwonyesha kwa kidole: endelea.

Ikafika mahali mwanamke yule wa Kizungu amekaa peke yake mbele ya kioo. Hasemi. Halii. Anatazama tu. Chande akasogeza maikrofoni mdomoni. Akavuta pumzi. Kisha akasema, "Hapa daktari ameshamwambia kuhusu sauti. Hapa sina cha kutafsiri." Akanyamaza mpaka mwanamke yule alipoinuka kwenye kiti. Watu wa banda lile wanasema hawakuwahi kumwona Chande amenyamaza kabla ya hapo.

Halafu farasi akatokea tena, Chande akamwamkia, "Shikamoo, mzee Beno," na Siwema akacheka. Tangu apasuliwe alikuwa anaogopa kucheka, kwa jinsi kicheko chake kilivyotoka kama mlango uliokosa mafuta. Siku hiyo kilitoka hivyohivyo mbele ya watu, na watu wakacheka naye.

Wiki ile Siwema aliwaita wote watatu nyumbani kwake asubuhi, na Beno akiwepo. Pakawekwa chai na mihogo ya kuchemsha.

"Kila mmoja aseme kwa nini nimpe kanda," Siwema alisema. Beno alikaa karibu naye, akarudia kwa sauti maneno yake yasiyosikika.

Lugendo akaanza. "Mama, mwimbaji asiyeimbwa ameondoka. Mimi nimekurudisha midomoni mwa watoto. Hawa wenzangu, nani kati yao amefanya hivyo?"

Nakiete akasema, "Watoto wanamwimba mtu ambaye hakuwahi kuishi. Filamu ya maisha ya mtu yenye uongo ni filamu ya mtu mwingine. Mimi nilionyesha maisha yake. Yalimuuma, ndiyo. Lakini ukweli wangu ndio uliomleta mzee Beno kwenye kiti hicho."

Chande akafuta mikono kwenye suruali. "Mimi, mama, nilikuja kunywa chai."

"Sema," Siwema akamwambia.

"Basi... nafikiri ulicheka."

"Huyu hata picha moja hakupiga!" Lugendo akasema. "Filamu ya watu! Mwanamke wa watu!"

"Kaka, na wewe ulipiga nyingi, zenye marubani," Chande akajibu.

"Ulisema alizaliwa Mahenge," Nakiete akamkumbusha.

"Dada yangu, filamu yako niliionyesha bandani. Watu walilala fofofo, na mimi nikalala na maikrofoni mkononi."

Beno akacheka mpaka chai ikamwagika. Siwema akangoja atulie, kisha akauliza swali moja. "Nikikupa kanda, utaifanyia nini?"

"Nitaipiga uwanjani," Lugendo akajibu. "Uwanja mzima usimame."

"Na rubani?"

"Rubani anaweza kufufuka, mama."

"Nitaandika kwanza jina la kila aliyepiga chombo," Nakiete akasema. "Kisha nitaihifadhi mahali ambapo haitaharibika hata baada ya sisi sote. Atakayetaka kuisikia atakuja."

"Watakuja wangapi, mwanangu?"

Nakiete akafikiri. Kusema uongo hakuwezi. "Wachache."

"Na wewe, Chande?"

"Nitaipiga bandani, Jumapili. Watu walewale."

"Utanyamaza ikipigwa?"

Chande akafungua mdomo, akaufunga. "Nitajaribu, mama."

"Hawezi," Beno akasema.

"Niliweza mara moja, mzee."

Lugendo akatoa shauri: kanda inakiliwe, kila mmoja apate yake, waende nyumbani kwa amani. Siwema akakataa. "Wimbo wa watu watatu kila mmoja atadhani mwenzake anautunza. Nautaka uwe na mwenyewe, nijue wa kumwuliza ni nani." Akamgeukia Beno. "Wewe ungempa nani?"

"Usiniulize mimi," Beno akasema. "Kwa Lugendo nimeigizwa na kijana mwenye kifua kipana, mke wangu ameitazama tena na tena. Kwa Nakiete nimepata haki yangu. Kwa Chande nasikia nilikuwa farasi."

"Farasi mzuri, mzee," Chande akasema. "Mwenye heshima zake."

"Basi unaona. Wote wananidai shukrani."

Siwema akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameifunga kanda kwenye leso. Hakuzunguka wala hakutoa hotuba. Alikwenda moja kwa moja kwa mmoja wao, akamwekea mikononi, akamfumba vidole juu yake. Wawili waliokosa wakapiga makofi, mmoja kwa nguvu, mwingine kwa adabu. Aliyepewa akashukuru, akaiweka leso mapajani. Kisha wote wakaendelea na mihogo, kwa kuwa ilikuwa inapoa.

Jina la aliyepewa nalijua, na silitaji. Nimewaeleza walichofanya, walichosema na walichoahidi, na hakuna nilichoficha isipokuwa hilo. Lugendo aliurudisha wimbo, kwa uongo. Nakiete alimrudisha rafiki, kwa ukweli ambao watu waliusinzia. Chande alikirudisha kicheko, kwa filamu ya mtu mwingine. Ninyi ndio mliobaki na kanda mkononi, na mwimbaji amesimama mbele yenu anasubiri.

Je, mngempa nani?