Gari Linaloeleweka

Alikuwepo mtu mmoja, wapendwa, na naomba msigeuze shingo kumtafuta, humu ndani hayumo. Ni mtu wa huku kwetu mlimani, ila maisha yake yalikuwa Dar es Salaam, kwenye biashara ya vigae na mabomba, na mambo yalimwendea vizuri tu. Mke anaye, watoto wanasoma, kanisani anatoa. Mtu mzuri. Mifano ya watu wabaya hainisaidii, maana tukiisikia kila mmoja wetu anamfikiria jirani yake.

Huyu bwana alikuwa na kigari. Kidogo, cheupe, kina miaka kumi na minne, na safari zote hizo hakijawahi kumlaza njiani. Krismasi moja akaja nacho nyumbani, amepakia mke, watoto, mchele, soda, na juu kabisa amefunga godoro jipya la mama yake. Mnajua Desemba huku kwetu ilivyo. Barabara ya kupanda inageuka maonyesho ya magari. Kila aliyetoka mjini anakuja na la kwake, na sisi tuliobaki tunasimama kando tukijifanya tunakata majani ya mbuzi, kumbe tunasoma namba. Hili ni namba D, la siku nyingi, lile ni namba E, jipya, lile jingine kalinunua kwa mtu. Mbona mnacheka kama hamjui?

Basi kilima cha mwisho kabla ya kufika kwa mama, kigari kikagoma. Hakikuharibika, mzigo ulikizidi. Wenzake aliosoma nao wakashuka kwenye magari yao makubwa wakaja kumsukuma. Kusukumwa si vibaya, ila hawa walimsukuma huku wanaimba. Kilipofika juu mmoja akakigonga bati kwa kiganja, akasema, "Bwana, mwakani tuletee gari linaloeleweka!"

Neno hilo likamwingia. Linaloeleweka. Alikula nyama ya sikukuu hajui kama ina chumvi au haina. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kumfanya mtu mzima atamani kurudi mjini kabla ya ibada ya Krismasi. Akajiapiza kimoyomoyo kwamba kigari hiki hakitapanda tena kilima hiki, labda yeye awe kaburini.

Mwezi wa kwanza mama yake akampigia simu.

"Mwanangu, macho yananisumbua. Ya mbele naona, ya pembeni hakuna kitu. Ni kama nachungulia kwenye mwanzi."

"Pole, Mama. Basi ngoja kidogo. Nanunua gari linaloeleweka, nakuja mwenyewe kukuchukua nikupeleke hospitali kubwa pale chini mjini. Usihangaike na magari ya watu."

"Sawa, baba. Nakungoja."

Hakuwa anamdanganya, tuelewane hapo. Alimpenda mama yake. Siku hiyo hiyo akanunua daftari, akapiga mistari, akaanza kazi. Safu ya kwanza akaandika Thamani: je, fedha yangu itakaa, au nikitoka tu getini imeyeyuka? Ya pili, Raha ya Kuendesha. Ya tatu, Uimara. Ya nne, Heshima. Kushoto akaandika magari matatu, na kwa kuwa yeye aliyaita kwa makabila yake, nami nitayaita hivyo: Mjapani, Mjerumani na Mwingereza. Kila moja likapewa maksi juu ya kumi, na mtahini ni yeye.

Ninyi mnaona ni kazi ndogo? Jumamosi zake zote ziliishia kwenye yadi za magari. Alimwendesha Mjapani kwenda Bagamoyo na kurudi, akasema kimya chake ni kizuri lakini ni kama kukaa sebuleni kwako mwenyewe, hakuna jipya. Akampa sita kwenye raha, tisa kwenye uimara, tisa kwenye thamani. Mjerumani alimwendesha mara tatu. Ukimkanyaga anaitika kabla hujamaliza kukanyaga, na kwenye kona anakaa chini kama aliyeambiwa. Huyo alipata kumi ya raha palepale. Mwingereza akamwendesha mara moja tu. Muuzaji alimfungulia mlango, akamwambia, "Bosi, wewe kaa tu, kiti chenyewe kitakuzoea," na kweli kiti kikasogea, kikampanda mgongoni, kikampata. Alipopita nalo barabarani mlinzi wa jengo asilolijua akampigia saluti. Heshima, kumi. Uimara akaacha wazi kwanza, akasema atauliza.

Ikafika Pasaka. Simu ikaita tena, safari hii si mama. Ni jirani yake mama, tumwite Baba Aikaeli, mwenye pikapu ya kushusha ndizi mjini.

"Bwana mdogo, shikamoo utanipa siku nyingine, nina neno. Jana mama yako amejikwaa kwenye ndoo iliyokuwa mbele yake kabisa. Jumatatu nashusha ndizi. Mbele nafasi ipo. Nimpitishe hospitalini?"

Jamani, hapa ndipo moyo wangu unaponiuma kila ninapousimulia mfano huu. Yule bwana alikuwa kwenye yadi, amekaa ndani ya gari la watu, amezungukwa na harufu ya ngozi mpya. Akaiona picha yote: mama yake anashuka mlimani kwenye pikapu, mikungu ya ndizi nyuma, wale waliomsukuma wamesimama kando wanatazama.

"Mama yangu aende hospitali na gari la ndizi? Mimi nikiwa hai? Watu watasema nini, Baba Aikaeli?"

"Watasema ameenda hospitali."

"Hapana. Mwache. Ni mama yangu, nakuja mwenyewe."

Baba Aikaeli ni mstaarabu. Kwetu hapa huwezi kumbeba mama wa mtu ambaye mwanawe amekataza, utaonekana unamdhalilisha, unamtangazia kijiji kwamba hana mtoto. Akashusha ndizi zake Jumatatu, kiti cha mbele kitupu.

Mwezi wa sita lilitokea gari. Mjapani, safi, bei nzuri, mwenye nalo anahama nchi. Angeweza kulichukua Ijumaa na Jumamosi jioni awe kwa mama. Akalizunguka, akalipenda, halafu akafika nyuma akaona namba. Namba D. Akawaza, Desemba pale kilimani watasoma herufi moja tu watajua nimelivua mwilini mwa mtu. Akaliacha. Gari zima, wapendwa, likaachwa kwa ajili ya herufi.

Kwa zile maksi za uimara akamwendea fundi wake, yule yule aliyekihudumia kigari miaka yote. Fundi akafuta mikono kwenye kitambaa, akayasoma majina kwenye daftari.

"Mjapani atakufikisha," akasema. "Mjerumani atakufikisha unacheka. Mwingereza atakufikisha watu wanakutazama, halafu kesho yake tunaonana mimi na wewe hapa."

"Sasa nichukue lipi?"

"Unataka kwenda wapi?"

"Kumchukua mama, nimpeleke hospitali."

Fundi akageuka, akakitazama kigari cheupe kilichoegeshwa getini. "Hicho kikiwa na watu wawili kinapanda mpaka kwenu na kurudi. Nimekifanyia huduma juzi."

Bwana yule akacheka sana. Alidhani anataniwa. Akampa fundi ya soda, akaondoka.

Mwezi wa kumi akajumlisha. Mjapani akashinda kwa mbali. Akajumlisha tena, Mjapani akashinda tena. Hapo akafikiri, akaona safu ya Heshima haijatendewa haki, akaizidisha mara mbili. Akashinda Mwingereza. Akamkumbuka fundi na ile kesho yake, akaogopa, safu ya Raha nayo akaizidisha mara mbili. Akashinda Mjerumani, na daftari likafungwa. Nani kati yetu hajawahi kufanya hesabu ya namna hiyo? Unamwomba Mungu jibu, na unalo tayari mfukoni.

Gari likaja kwa meli, jeusi, linang'aa, namba E. Wiki ya pili ya Desemba akaondoka nalo peke yake alfajiri. Nisiwafiche, alifurahi. Kwenye ile barabara iliyonyooka ya kwenda Same alikuwa anacheka mwenyewe ndani ya gari. Na kilima kile? Alikipanda kama hakipo. Wale wenzake walikuwepo, mmoja akatoa kofia, na yeye akashusha kioo polepole ili wamwone vizuri.

Mama alikuwa amekaa barazani. Akamsikia mtu anakuja, akageuza uso, ila aliugeuza kwenye sauti, si kwenye gari.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Shikamoo. Nimekuja na gari, twende sasa hivi."

"Marahaba, baba. Mbona sijasikia gari?"

"Ndiyo zuri lake hilo, Mama. Halina kelele."

Akamshika mkono, na mama akashuka ngazi akizitafuta kwa mguu. Bwana yule akajiambia ni uzee. Akamkalisha mbele, akamfunga mkanda, akamwonyesha kitufe cha kupoza hewa. Mama akaweka mkono juu ya magoti yake, akatulia, akasema tu, "Kiti ni kizuri."

Hospitalini daktari alikuwa binti mpole, ana foleni ndefu. Akammulika mama macho, akampima, akaandika, kisha akamtazama mwana.

"Hii ni presha ya macho, imekula mshipa. Kilichopotea hakirudi. Wakati ule anaosema alikuwa anaona kama kwenye mwanzi, mngemleta, dawa ya matone ingelinda kile kilichobaki. Sasa hakuna kilichobaki." Akavuta fomu yake, kuna mahali pa kujaza sababu ya mgonjwa kuchelewa, akauliza bila ubaya wowote, kama anavyowauliza wote, "Mlikosa usafiri?"

Mlikosa usafiri. Hebu jibuni ninyi. Mwenye kigari kilichofanyiwa huduma, mwenye jirani aliyeomba kumbeba mama yake, mwenye magari matatu kwenye daftari, angejaza nini pale? Akamwinua mama kitini. Daktari akapiga kistari pale pa sababu, akaita jina linalofuata.

Wakatoka mpaka kwenye maegesho, mkono kwa mkono. Mama akanyoosha kiganja, akaligusa gari, akalipapasa kuanzia taa mpaka mlangoni, taratibu, kama anavyopapasa nguo aliyoletewa zawadi. Alitaka kumpa mwanawe furaha yake. Walikuwa wameingoja siku hii wote wawili.

"Ni la rangi gani, baba?"

"Jeusi, Mama."

"Basi hilo naliona."

Wapendwa, mimi sina ugomvi na gari. Likiletwa hapa uwanjani nitaliombea, na nikipewa lifti nitakaa kiti cha mbele na nitasifu kiti. Thamani ni jambo jema. Raha Mungu mwenyewe ameiumba. Uimara tunautaka wote, na heshima hakuna asiyeipenda, hata mimi nikivaa joho hili najiangalia. Safu zake nne hazikuwa na dhambi. Nimezipitia mara nyingi nikitafuta kosa, sijaliona ndani yake. Ila lile daftari halikuwa na safu ya mama. Gari lilikuwa la kumchukua mama, na katika kurasa zote zile hakuna mahali alipoandika, je, anaweza kungoja?

Nalo lile neno. Linaloeleweka. Linaeleweka na nani? Na waliosimama kando wanakata majani ya mbuzi! Mama yake angekielewa kigari. Angeielewa na pikapu. Angepanda juu ya ndizi akiimba pambio. Tukubali tu, sisi tunajipanga kwa ajili ya watazamaji, na yule anayetuhitaji tunamwambia ngoja. Nitamtembelea mgonjwa nikipata kitu kinachoeleweka cha kubeba. Nitawakaribisha ndugu zangu nikimaliza nyumba ieleweke. Nitamwomba msamaha mke wangu siku nikipata maneno yanayoeleweka. Na huko anakokungoja, kila wiki mwanzi unazidi kuwa mwembamba, na yeye hasemi, kwa sababu anakuamini. Ndicho kinachonitisha katika habari hii yote. Alingoja kwa sababu alimwamini.

Kila mmoja wetu amekuja hapa leo na kigari chake. Kipo, kina mafuta, kinawaka. Kinatuaibisha kidogo, basi.

Kwa hiyo ibada yetu leo nitaikata hapa. Wimbo wa mwisho upo na tangazo la harambee lipo, lakini wewe uliyemwambia mtu ngoja, unamjua ni nani, amekujia kichwani tangu niliposema mwanzi. Mlango uko wazi. Inuka sasa, mbele ya watu, waache watazame. Wimbo tutaimba bila wewe.