Mtu wa Kumi na Mbili

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Kingo zake zimenyofoka, rangi imekwenda na maji, na mgeni akija tunaona haya kumkalisha juu yake. Hata hivyo ndio uliomo ndani ya nyumba, na mbavu zetu zikichoka ndio unaozipokea. Msala wa mpita njia unaweza kuwa mzuri wa kupendeza macho, lakini mwenyewe akimaliza sala yake huukunja akaenda zake, nasi tukabaki na sakafu. Verlin Hauge hakuwahi kulala juu ya mkeka hata siku moja, kwani alizaliwa na kukulia Kessler Falls, mji mdogo wa Wisconsin wenye ng'ombe wengi kuliko watu. Lakini onyo la wahenga halichagui kabila, na yeye lilimpata barabara.

Verlin alikuwa na umri wa miaka sitini na minne, mwenye duka la misumari na rangi, na kwa miaka ishirini alikuwa kiongozi wa kwaya ya wanaume ya mji huo. Waliimba ule mtindo wa kinyozi, wa sauti nne bila ala yoyote, ambao inasemekana mababu waliuanza wakingoja zamu ya kunyolewa. Kila Jumanne jioni walikutana katika ukumbi wa chini ya kanisa la Kilutheri, wakasimama kwenye ngazi zao za mbao, na Verlin akapuliza kipenga chake cha duara kuwapa sauti ya kuanzia. Jumla yao, kiongozi akiwemo, walikuwa kumi na wawili. Walikuwa kumi na wawili kamili, wala hakuna wa akiba.

Idadi hiyo haikuwa mzaha. Kanuni za chama cha jimbo zilisema kwamba watu wasiotimia kumi na wawili si kwaya, na kwaya isiyopanda jukwaani miaka miwili mfululizo hufutwa kwenye orodha. Mwaka uliotangulia mafua yaliwalaza wanne, wakakosa mashindano. Mwaka huu, wapende wasipende, ilikuwa lazima wapande, la sivyo kwaya iliyoanzishwa na babu zao ingekufa mikononi mwa Verlin.

Miongoni mwao alikuwamo Arvid Tollefson, mzee wa miaka sabini na minane, ambaye enzi zake alikuwa dereva wa gari la kuzoa theluji barabarani. Alikuwa besi. Miaka thelathini na mmoja alisimama mwisho wa mstari upande wa kushoto, na sauti yake ilikuwa nzito na ya kutegemewa. Tatizo lake lilikuwa masikio. Uzee ulipoyaziba, sauti yake ilianza kushuka kidogo kidogo katikati ya wimbo, na mwenye besi akishuka huwaburuta wote. Verlin alilitafutia dawa. Alipoona mzee anashuka, aliinua kidole cha shahada kidogo tu, usawa wa kifungo cha koti. Arvid akikiona hupanda, na wimbo hutengemaa. Waamuzi hawakuwahi kukigundua kidole hicho. Wawili hao hawakuwahi hata kukizungumzia.

Mwezi wa Machi wakaja vijana watatu kutoka mji mkubwa wa jirani, wakiongozwa na Tanner Wexley, besi mwenye kifua kama pipa. Jumanne ile ya kwanza waliposhika wimbo, sauti nne ziligandana hadi ikasikika ya tano juu yake, ile ambayo haimbwi na mtu bali hujizalia yenyewe sauti zinapopatana sawasawa. Waimbaji wa mtindo huu huitafuta maisha yao yote. Verlin alishikwa na machozi mbele ya watu, naye hakuwa mtu wa machozi. Tangu jioni hiyo akili yake haikutulia. Alianza kuota alama ambazo kwaya yake haikuwahi kuzipata.

"Kocha, nikwambie ukweli hutakasirika?" Tanner alimuuliza wiki ya tatu, wakikunja viti.

"Sema, kijana."

"Yule mzee wa kule mwisho anatuvuta chini. Mimi nimesimama karibu naye, namsikia. Ni mtu mzuri, sikatai, lakini mashindano si hisani."

"Arvid ndiye besi wetu," Verlin alijibu.

"Alikuwa," Tanner akasema, na kutabasamu. "Si lazima umfukuze wewe. Kwaya kubwa zote zinafanya hivi: kila mtu ajirekodi peke yake kwenye simu, akutumie. Asiyefaulu, hapandi. Simu ndiyo inayomfukuza."

Maneno hayo yalimwingia Verlin kama maji kwenye mchanga. Aliwatangazia wote wajirekodi. Arvid hakuwa na ugomvi na simu. Mkewe, Marlys, alimshikia jikoni, naye akaimba amesimama wima na koti lake la mistari la kwaya mwilini, ingawa simu haikuhitaji koti.

Verlin aliisikiliza sauti hiyo dukani asubuhi, kabla wateja hawajaingia. Mstari wa kwanza ulikuwa sawa. Wa pili sawa. Wa tatu ukaanza kushuka, na Verlin akajikuta ameinua kidole, peke yake, mbele ya makopo ya rangi. Alikitazama kidole kile. Alijua fika kwamba kule jikoni mzee hakuwa na kidole cha kumpandisha, na kwamba mtihani ule ulimpima Arvid mwingine ambaye kwaya haikuwahi kuwa naye. Aliyajua yote hayo. Kisha akaandika ujumbe mfupi, akaupeleka kabla moyo haujamsuta: "Mzee Arvid, safari hii hukufaulu. Asante kwa miaka yote."

Jumanne iliyofuata koti lake lilikutwa limetundikwa kwenye mlango wa kanisa, limepigwa pasi.

Miezi ya kiangazi ilikuwa ya raha. Kwaya ya watu kumi na wanne iliimba kwenye maonyesho ya wilaya, watu wakasimama kupiga makofi, na Verlin akatembea kifua mbele. Ni Gene Prochnow tu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mwimbaji wa sauti ya kwanza, aliyekuwa akikohoa kila akitazama ile nafasi ya mwisho upande wa kushoto. Hakuna aliyemuuliza anakohoa nini.

Siku kumi na mbili kabla ya mashindano, simu ya Verlin ililia dukani. Ulikuwa ujumbe wa Tanner: kwaya kubwa ya mjini imewapa yeye na wenzake nafasi, wanaanza kesho. "Asante kwa yote, Kocha," aliandika, na chini yake akaweka kijipicha cha kidole gumba. Verlin aliusoma mara tatu. Kisha akakaa juu ya gunia la saruji.

Jumanne ile walisimama kwenye ngazi wakahesabiana. Walikuwa kumi na mmoja.

"Nikimleta ng'ombe wangu mmoja tunatimia," alisema Gene. Hakuna aliyecheka. "Haya basi. Chama hakipokei tena majina mapya, na wa kumi na mbili tunajua sote anakaa wapi. Nani aliyemwondoa?"

"Mimi," Verlin akasema.

"Basi nenda wewe. Na usimwandikie."

Jumamosi asubuhi Verlin alikwenda, koti la mistari mkononi. Marlys alimfungulia mlango bila kutabasamu.

"Shemeji, nimekuja kumwona mzee," Verlin alisema.

"Yuko gereji. Umekumbuka njia kumbe."

Arvid alikuwa akinoa keekee yake ya kutobolea barafu ya ziwani wakati wa kuvua samaki. Alimtazama Verlin, akalitazama koti, akaendelea kunoa.

"Mzee, nimekukosea," Verlin alisema. "Nilijua kwamba bila kidole changu utashuka. Nilijua, na bado nikakuandikia ule ujumbe. Nimekuja kuomba msamaha. Na nimekuja kuomba urudi."

Mzee akafuta mikono kwenye tambara. "Miaka thelathini na mmoja, kijana wangu. Ungekuja ukaniambia hapahapa, ningelia, tungekunywa kahawa, yakaisha. Puliza hicho kipenga."

Verlin alipuliza. Arvid alisimama wima, macho kwenye kidole cha rafiki yake kama zamani, akafungua kinywa. Palitoka upepo, kisha mkwaruzo, kisha kikohozi. Akajaribu tena. Verlin aliinua kidole, akakiinua zaidi, mpaka usawa wa macho, lakini hapakuwa na sauti ya kupandishwa.

"Sijaimba tangu siku ile," Arvid alisema polepole. "Hata kanisani nafumba mdomo. Sauti ya mzee ukiiacha miezi sita, hairudi."

Hapo ndipo Verlin, maji yakiwa yamemfika shingoni, alipotamka neno ambalo angelijutia maisha yake yote. "Basi simama tu, Mzee. Fungua mdomo, usiimbe. Tunahitaji kichwa cha kumi na mbili."

Arvid alilipokea koti, akalikunja vizuri, akamrudishia.

"Ulinifukuza kwa ajili ya sauti," alisema. "Leo unaniita kwa ajili ya kichwa. Mimi mwenyewe hujaniita bado. Nenda, Bwana Hauge."

Hakuwahi kumwita Bwana Hauge. Siku zote alimwita "kijana wangu."

Siku ya mashindano, watu kumi na mmoja walishuka chini ya kanisa wakiwa wamevaa makoti yao, kwa kuwa hawakujua pa kwenda. Verlin aliwapulizia sauti, wakaimba wimbo wao mara moja. Kwenye mstari wa tatu, bila kukusudia, aliinua kidole kuelekea mwisho wa mstari upande wa kushoto. Pale palikuwa na mbao tupu. Gene alikiona kidole kile, akaacha kuimba, na wengine wakaacha mmoja baada ya mwingine. Walikunja ngazi, wakaenda makwao.

Barua ya chama ilifika mwezi uliofuata, mistari minne tu, kwamba jina lao limeondolewa. Verlin aliitia kwenye droo ya duka pamoja na kipenga. Kila Ijumaa, mji mzima ukienda hotelini kula samaki wa kukaanga kama ilivyo desturi, yeye huketi meza ya pembeni, na Arvid akipita humwamkia kwa adabu, "Habari, Bwana Hauge," kisha huenda kukaa na mkewe. Verlin huitikia, na chakula humshinda. Vijana watatu wanaimba mjini, wamemsahau. Mzee mmoja yuko meza ya tatu kutoka kwake, na Verlin hawezi kumfikia. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.